Hakuna Maiti mu Gari Yetu

Nilikuwa natoka kuomba maji ya moto kwa uji wa mutoto. Karibu na barrière yenye kutufungia njia kuna nyumba moja ya mabati. Mama mwenye nyumba alinijazia thermos bila maulizo mengi, nikamuambia wasingya, asante ya kwetu, nikashuka na viatu mukononi sababu ya matope. Ilikuwa Vendredi, siku ya Ijumaa, asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka, lile jua la kwetu la kudanganya batu. Nilipopita lori ya mwisho mu mustari wa malori yenye kungojea, nikaona bamama kama kumi bamezunguka minibus yetu. Bengine bameweka mikono juu ya kichwa. Moja alikuwa anaanzisha wimbo, na wimbo ule naujua, ni wa kusindikiza maiti.

Nilifikiri dereva moja wa lori amekufa.

Mama moja munene, mufanya biashara ya poireaux, mboga ya majani ya jamii ya kitunguu, alikuja kunikumbatia mbele sijafika.

"Mama mutoto ndiyo weye?"

"Ndiyo mie."

"Pole, mama. Pole sana. Ujikaze."

"Nijikaze juu ya nini?"

"Ujikaze tu, mama yangu. Hata mie nilizikaka batoto babili."

Thermos iliniponyoka. Mutoto wangu nilikuwa nimemuacha analala mu gari, miezi saba, na kikohozi kidogo cha baridi. Kutoka pale nilipokuwa mpaka mulango wa nyuma wa gari ni hatua kumi na tano, labda makumi mbili. Katika hatua zile mutoto wangu alikuwa amekufa. Sitaki mutu aniambie kwamba ilikuwa dakika moja tu. Nilimuzika mu dakika ile, nikarudi nyumbani bila yeye, nikakunja nguo zake.

Nikafungua mulango. Alikuwa amelala kwa mugongo juu ya kitanda chetu cha chuma, amefunikwa na kikwembe changu cheupe, nguo yangu ya kujifunga, kutoka miguu mpaka kichwa. Mpaka kichwa! Nikakivuta. Akapiga chafya. Makamasi yakatoka, akafungua macho, akaniangalia na hasira kama mutu mwenye kuamushwa bure.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya bwana yangu, chini-chini:

"Nyamaza kwanza. Funika. Barrière inafunguliwa. Lia kidogo tu."

Lia kidogo tu. Ndipo uvumilivu wangu wa miaka mine ya ndoa ulikwisha, na mpaka leo haujarudi.

Nitaeleza sasa namna mutu mwenye akili yake anafika mahali pa kumufunika mutoto wake mazima kama maiti.

Bwana yangu ni soudeur, anachomelea vyuma. Atelier yake iko mu Vulamba, ku Butembo, anatengeneza milango, madirisha, na portail za batajiri. Kazi anaijua, siwezi kumunyima ile. Shida yake ni telefone. Mwaka jana alianza kuangalia video za bazungu, bwana na bibi, bamegeuza gari kuwa nyumba. Banalala ndani, banapika ndani, asubuhi banafungua mulango na kukuta bahari. Anaangalia, ananiita, "Njoo uone, chérie, angalia namna beko huru." Mie niko nafua langi, nepi za mutoto, mu maji ya baridi ya Butembo. Nilimujibu kwamba ile bahari yabo haina barrière.

Akanunua minibus moja ya zamani, ilikuwa imechoka na kazi ya taxi. Akang'oa viti vyote. Akasoude kitanda, akasoude meza ya kukunja, akaweka mahali pa réchaud, jiko ya gaz. Ku madirisha akatundika rido, pazia za salon yangu, bila kuniuliza. Gari nyeupe, ndefu, na rido zimefungwa! Jirani wa upande wa chini akaniuliza kama tumeanza kazi ya kubeba maiti. Bwana yangu akacheka. "Batu ba hapa habajue tourisme," akasema.

Mie sikuwa na haja ya tourisme. Nilikuwa na haja ya kazi. Niko na diplôme d'État ya pédagogie, ya ualimu, na diplôme ile ilikuwa imelala mu sanduku kwa miaka mitano kama nguo ya arusi. Nimepeleka barua ku mashule mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Halafu Mardi ya wiki ile, Jumanne, directeur moja wa shule ya primaire ku Beni, mu commune Ruwenzori, akanipigia. Mwalimu wake wa mwaka wa pili alikuwa ameondoka gafula.

"Madame, nafasi ni yako," akasema. "Uje weye mwenyewe usaini mbele ya Vendredi saa sita ya muchana. Saa sita na dakika moja, nakamata mwengine. Hapana kunilaumu."

Nililia mu cuisine. Tukapatana na bwana yangu: mie na mutoto tutakaa kwa tante, shangazi yangu, kule Ruwenzori, yeye atakuwa anakuja kila wiki, na baadaye atatafuta atelier ku Beni. Maneno yalikuwa yamekwisha kunyooka. Kwa moto, maana pikipiki, ni masaa mbili, kama njia ni nzuri. Ningetoka Jeudi, Alhamisi, asubuhi, ningesaini Jeudi, ningelala kwa tante na roho baridi.

"Moto na mutoto mu mvua?" akasema bwana yangu. "Weye mama wa namna gani? Tuko na nyumba yenye magurudumu, utaenda kumupigisha mvua juu ya moto? Tutaenda bote. Tutafanya voyage yetu. Ukisaini, tunaendelea mpaka Mavivi, ku uwanja wa ndege, tunaegesha, tunaangalia ndege zikitua, tunalala mulemule."

"Kulala mu gari ku Mavivi? Na hii usalama yetu ya kuharibika? Weye ni mugonjwa?"

"Basi tutalala kwa tante, mu parcelle, mu kiwanja yake. Lakini mu gari."

Nilikubali. Hili ndilo kosa langu, naliandika na mukono wangu. Nilikubali sababu alinigusa pale pa mutoto, na mwanamuke wa kwetu ukimuambia kwamba yeye ni mama mubaya, atafanya kila kitu kwa kuonyesha kwamba hapana.

Jeudi tulipashwa kutoka saa kumi na mbili. Tukatoka saa tatu, alikuwa anarudilia kusoude chuma ya rido. Mbele ya kumaliza muji tukasimama: anataka kupiga video ya kuaga Butembo. Telefone yake haina nafasi, akakamata yangu. Tukapanda kilima, akasimama: panorama. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, hatukuona hata mbuzi yenye kufungwa kando ya njia, lakini yeye anazungusha telefone na kusema "Angalieni uzuri wa inchi yetu." Mbele kidogo akasimama tena, mie nipike omelette inje, kando ya gari, kama bale bazungu. Nikasema mvua inakuja. Akasema mvua hapana, angalia jua. Nikavunja mayai. Mvua ikaanguka mu poêle, mu kikaango, na nyuma ya mvua mvua ya mawe, yenye kupiga juu ya bati la gari mpaka mutoto akakosa pumzi ya kulia. Nusu saa. Halafu jua. Halafu ukungu. Halafu mvua tena, lakini upande mumoja tu wa njia. Ule mwengine vumbi. Mutu mwenye hajakaa kwetu atafikiri natunga.

Ku poste moja ya basoldat, muaskari akachungulia ndani, akaona kitanda, meza, rido na mie nimekaa na mutoto kama mualikwa.

"Munaenda kufanya nini na kitanda?"

"Tourisme, chef," akajibu bwana yangu.

"Touriste ya wapi na plaque ya namba ya hapa?" Akageukia kwangu na Lingala yake. "Mama, mobali na yo aza liboma?"

Aliniuliza kama bwana yangu ana wazimu. Sikumujibu. Ningemujibu, pengine tungerudi nyumbani.

Saa nane tukafika ku barrière ya mvua. Kwa mwenye hajui: mvua ikinyesha, njia yetu ya udongo inakuwa kama sabuni, malori yanaichimba mashimo ya kuzika ng'ombe. Basi bameweka mti mukavu wa kufunga njia, na jiwe limefungwa ku mwisho wake, na mutu wa kuulinda. Mvua ikianza, mti chini. Mvua ikikatika, mulinzi anakwenda mu njia na bottes, viatu vyake vya mvua, anakanyaga na kisigino. Kisigino kikizama, hapana kupita. Ile ingekuwa haki kama kisigino kingekuwa cha mahali pale tu. Lakini kuna barrière ingine mbele, na mulinzi wake naye ana kisigino chake, na hawa babili banatumiana habari kwa telefone. Kwetu jua linaua, yule wa mbele anasema kwake inanyesha: tunangojea mvua ya mwengine. Kwake ikikauka, kwetu inaanza. Hivyo mpaka magaribi.

Moto zinapita, barrière haizihusu. Nikasema mie nipande moto. Bamotard, badereva ba moto, bale banne benye kuwa pale bakasema saa hii habafike Beni mbele ya giza, na mu giza habatembee. Haki yabo. Nani anatembea?

Tulilala pale, sisi na malori kumi na moja ya kitunguu, mbao na pombe. Bwana yangu alikuwa na furaha. Aliwasha réchaud, akapika chai, akasema, "Ona sasa, bengine banalala ku usukani, sisi tuko mu kitanda." Mvua ilinyesha usiku muzima. Asubuhi saa kumi na mbili ilikuwa bado inanyesha, mutoto anakohoa, nikasema nashuka, nachukua moto hata na mvua. Akasema, "Chef wa barrière ameniambia saa moja kamili anafungua. Ngojea." Nikangojea. Saa moja mvua ikakatika, jua likatoka, kisigino hakikuzama. Na yule wa mbele akapiga simu: kwake inanyesha.

Ndipo nilikwenda kuomba maji ya moto, maana gaz yetu ilikwisha ku chai ya usiku, nikiwaza kumupatia mutoto uji, kumufunga mugongoni na kupanda moto, bwana apende asipende. Na ndipo bwana yangu akapata akili yake.

Kila mutu anajua vitu vyenye kupita barrière ya mvua: ambulance, mukubwa mwenye karatasi ya mission, ya safari ya kazi, na maiti. Maiti habaifungie njia. Akakata matawi ya eucalyptus, akayafunga mbele ya gari kama banavyofanya ku gari zenye kubeba marehemu. Akamufunika mutoto. Akamufuata mulinzi na macho chini, akamuambia mutoto wetu amefariki usiku na kikohozi, tunamupeleka Beni kwa familia. Gari lenyewe lilikuwa limekwisha kusema uongo ule mbele yake: nyeupe, rido zimefungwa, kitanda ndani. Mulinzi akatoa kofia. Akaandika mu kaye, daftari yake: maiti ya mutoto, wa fulani na fulani, ba Vulamba, kuelekea Ruwenzori. Akapigia barrière ya mbele babafungulie. Bamama ba ku malori bakasikia, bakashuka na vilio vyabo. Haya yote wakati thermos yangu ilikuwa inajazwa.

Narudi ku mulango wa gari. Nimeambiwa nilie kidogo.

Nilimunyanyua mutoto juu, mikono miwili, kama padri anavyonyanyua kikombe. Naye akalia kwa nguvu zake zote, Mungu amubariki.

"Mazima!" nikapiga kelele. "Mutoto ni mazima! Hakuna maiti mu gari yetu! Maiti ni huyu hapa, mwenye kusimama na suruali!"

Bamama bakakimbia. Kweli, babili bakakimbia mpaka nyuma ya lori, bakafikiri amefufuka. Yule wa poireaux alikuwa wa kwanza kuelewa. Akamuangalia bwana yangu kutoka viatu mpaka nywele.

"Papa, damu yako mwenyewe? Ukitaka kupita, si ungelala weye chini ya kikwembe?"

"Alisahau, mama," mwengine akasema. "Kichwa chake ndicho kilitangulia kufa."

Bakacheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko matusi. Mulinzi akavaa kofia yake, akaja na hasira.

"Munachezea lufu, munachezea kifo, kwangu? Munachezea serikali? Hii gari itapita ya mwisho! Ya mwisho kabisa!"

"Ipite mwaka kesho," nikamuambia. "Mie nafuta jina la mutoto wangu. Leta kaye."

"Kaye ya serikali haifutwe."

"Mutoto huyu hapa! Umuguse!"

"Mama, yenye imeandikwa imeandikwa. Nitamupigia mwenzangu kwamba gari haije."

Na ndivyo alivyofanya, nilimusikia na masikio yangu. Alimuambia mwenzake kwamba gari la maiti haliji tena. Hakusema kwamba hakuna maiti. Ile neno moja yenye ilikuwa na maana, hakuisema.

Bwana yangu akanifuata mpaka chini ya mti wa barrière. "Nilifanya juu yako! Saa sita si ni yako? Ningefanya namna gani?" Nikamufunga mutoto mugongoni, nikamufunika na bâche ya sachet, ya plastiki, nikapanda moto. Niliomba telefone yangu, ilikuwa imezimika. Alikuwa amemaliza batterie yote na panorama.

Motard alikuwa mutu wa kimya, namushukuru. Tuliteleza mara mbili. Mvua ikatupata tena, tukasimama chini ya bati la chapelle moja, kanisa ndogo, mpaka nikaanza kuhesabu kwa sauti ya juu, yeye akaogopa akawasha. Tukaingia Beni saa tano na nusu kasoro kidogo. Nilikuwa na matope mpaka ku nyusi. Lakini saa sita ilikuwa bado. Mu muji nilikuwa naimba, nakubali. Nilikuwa naimba nyuma ya ule motard.

Directeur alikuwa mu bureau yake. Mutu wa miaka, na miwani, na sauti ya pole. Aliponiona akasimama, akafanya alama ya musalaba.

"Madame! Haukupashwa kuja leo. Condoléances zangu, pole sana. Kaa, kaa."

"Condoléances ya nani?"

"Mais... mutoto. Radio imetangaza saa tatu, na jina lako."

Yule mama wa poireaux, au mwengine, mbele ya kelele zangu, alikuwa amekwisha kumupigia shemeji yake ku Beni na majina yetu yenye kuandikwa mu kaye. Shemeji anasali parokia moja na tante yangu. Tante yangu alikimbia na miguu wazi mpaka ku radio kutoa communiqué, tangazo la kifo. Kwetu lufu inasafiri hivyo. Haingojee njia ikauke.

Nikageuka, nikamuonyesha directeur mugongo wangu, nikafungua bâche.

"Huyu hapa."

Akakaribia. Akamugusa mutoto ku muguu na kidole kimoja, kama mutu anayepima pasi kama ina moto.

"Il est vivant," akasema. "Ni mazima."

"Ndiyo, il est vivant. Kalamu iko wapi?"

Akarudi kukaa. Akatoa miwani, akaifuta, akairudisha. Nikajua.

"Madame, ile nafasi tuliitoa saa ine."

"Ulisema saa sita."

"Nilisema. Mais mwanamuke mwenye kufiwa hawezi kusimama mbele ya batoto ba mwaka wa pili. Bataimba, bataruka, weye utaangalia na roho gani? Niliona ni humanité, ni utu, kukuachia upumzike."

"Humanité yako haina telefone?"

"Nilikupigia mara tatu. Ilifungwa."

Ile ilikuwa kweli, na iliniuma kuliko uongo.

"Basi sasa umeona na macho. Ita ule mwengine, umuambie kuna kosa."

"Dossier imekwisha kuondoka. Nimeandika kwamba candidate wa kwanza amefiwa, ndiyo sababu. Nitaandika nini sasa? Kwamba mutoto amefufuka? Banisome namna gani?"

"Uandike kwamba ulisikiliza radio kuliko neno lako mwenyewe."

"Madame, hapana kunipandishia sauti mu bureau yangu. Uombe Mungu, mwaka kesho kutakuwa nafasi ingine."

Nikatoka. Ku dirisha la mwaka wa pili nilimuona. Musichana mwenye umri wangu, na craie mukononi, anaandika tarehe ku tableau, ubao wa darasa, na mwandiko muzuri. Nilimuchukia dakika mbili. Hakuwa amefanya kitu. Naye labda alikuwa na diplôme yenye kulala mu sanduku. Nikamuchukia hata hivyo.

Kwa tante bilago, mikeka ya kukalia, vilikuwa vimekwisha kutandikwa mu parcelle, na sufuria ya matanga iko juu ya moto. Nilipoingia na mutoto, majirani bakatawanyika kama kuku. Tante alinipiga na sapatu, kiatu yake, ku bega, mara tatu, halafu akaninyang'anya mutoto, akamufungua nguo zote kutafuta mahali alipokufa. Halafu ndipo akalia.

"Weye ulikuwa wapi banatangaza hivi? Ulikuwa wapi?"

"Ku barrière ya mvua, tante. Na mukwe wako."

Saa saba tukakaa bote, mutoto anakula ndizi, na mutangazaji anasoma tena communiqué kwamba amefariki gafula. Tante alikuwa amekwenda kukanusha, bakamuambia kukanusha ni mpaka journal, habari ya magaribi. Jirani moja akamuangalia mutoto, akaangalia radio. "Ana sauti nzuri, huyu mutangazaji," akasema. Mutoto akanyoosha mukono akitaka kifungo cha radio.

Bwana yangu alifika saa tisa, na matawi yake bado mbele ya gari. Neno lake la kwanza, sikupunguza wala kuongeza:

"Umeona? Ilifunguliwa saa saba. Ungevumilia kidogo."

Nikamueleza kazi imekwenda wapi na sababu gani. Akakaa chini ku pneu, tairi ya gari. 

"Nitaenda kumuona directeur," akasema. "Nitamueleza kwamba ni mie."

"Hapana kueleza. Utaandika. Utaandika kwamba ulisema uongo ku barrière, siku gani, saa gani, na utasaini."

"Unataka nijiaibishe mbele ya batu?"

"Ulimuua mutoto wangu mbele ya batu. Andika."

Aliandika Samedi, kesho yake, ku ile meza yake ya kukunja, mu gari. Mwandiko wake ni mubaya lakini unasomeka. Nilimusahihishia makosa, maana bakubwa habasome karatasi yenye makosa.

Tante alisema mwanamuke hashitaki directeur, nitajifungia milango yote ya Beni. Nikamuuliza ni mulango gani ulikuwa wazi. Lundi, Jumatatu, asubuhi nikaenda na miguu, mutoto mugongoni, mpaka ku bureau yenye kusimamia shule ile. Secrétaire alisoma mustari wa kwanza, akataka kunirudishia. Akasema jambo hili ni la kuzungumuza kwa upole, hapana kuandika. Nilikaa ku banc, benchi yake, na mutoto mwenye kulia mpaka saa tano, mpaka alipochukua cachet, muhuri, na kuipiga juu ya copie yangu. Barua yenyewe niliiandika kwa Kifaransa, mustari wa mwisho niliuongeza palepale ku banc. Hapa naiweka mu luga yetu, bila kupunguza.

"Kwa Bwana mwenye kusimamia mashule. Jambo: mashitaki juu ya kunyimwa nafasi mbele ya saa yenye kupangwa.

Bwana, mie mwenye kusaini chini, mwenye diplôme d'État ya pédagogie, niliitwa na directeur wa shule yenu ya primaire kusaini kazi ya mwalimu wa mwaka wa pili, mwisho Vendredi saa sita ya muchana. Nilifika mbele yake Vendredi ileile saa tano na nusu. Nilikuta nafasi imepewa mutu mwengine tangu saa ine, kwa sababu kwamba mutoto wangu alikuwa amekufa.

Mutoto wangu hakukufa. Habari ile ilikuwa uongo uliosemwa ku barrière ya mvua na bwana yangu, mwenye kuukubali mu karatasi yake iliyofungwa pamoja na hii. Ule uongo ni wa nyumba yangu, nami nitaumaliza mu nyumba yangu. Lakini radio haikumupa directeur ruhusa ya kufupisha saa yenye yeye mwenyewe aliniwekea. Na hata kama mutoto angekuwa amekufa kweli, Bwana, ilikuwa kazi yangu mie kusema kama naweza kufundisha ao siwezi. Hakuna mutu aliyeniuliza. Nilihurumiwa mpaka nikanyimwa mukate.

Siombi yule mwalimu mupya afukuzwe kama mwizi. Yeye hana kosa. Naomba ile neno 'amefiwa' itolewe mu dossier yangu, maana itanifuata ku kila shule. Naomba iandikwe kwamba nilifika ku saa. Naomba nafasi ya kwanza yenye kupatikana, hapana ya mwaka kesho, ikuwe yangu, na naomba muniambie hivyo kwa karatasi yenye cachet.

Kwa kuhakikisha maneno haya, mutoto mwenyewe ameletwa leo mu bureau yenu, miezi saba, anapumua, na secrétaire wenu amemusikia tangu saa tatu mpaka saa tano."